Mazoezi Nayaandika Mepesi, Ndizi Siziandiki

Mpendwa mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nyumbani nimeona aibu kusema, mimi naendesha baiskeli timu ya kata hapa Bukiriro na baada ya wiki tatu kuna mashindano ya kwenda Lusahunga, nafasi imebaki moja, ni mimi au Malongo, na mwalimu wetu Juvenali kwa kuwa hatuna kile kifaa cha kupima nguvu kwenye pedali alitugawia madaftari akasema ukishuka tu jiulize zoezi limekuwa gumu kiasi gani, moja hadi kumi, uzidishe kwa dakika, huo ndio mzigo wa siku, na mazoezi ni mara nne kwa wiki, saa moja kila mara, sasa nilichungulia kwa Malongo nikaona kaandika nne na mimi nikawa naandika nne kila siku wakati ukweli ni saba na nilikuwa natafuta pumzi, halafu siku tatu kwa wiki napeleka mikungu mitatu ya ndizi sokoni kwa baiskeli, saa moja na nusu milimani, hiyo siandiki kwa sababu ni kazi siyo mazoezi, na mwalimu akiona namba zangu anasema Niyonzima bado una akiba, ananiongezea mlima, hadi Jumapili nimesinzia kanisani kwenye matangazo mke wangu Diane akanifinya, na jana Malongo kanipita mlimani huku anaongea. Je, nitafute hicho kifaa au nikaze tu?
Niyonzima, Bukiriro

Marahaba, Niyonzima. Pole, ila uchovu huu umeupika mwenyewe. Kifaa cha nini, wakati kilichopo unakidanganya? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeanza kuumbuliwa kanisani.

Tuhesabu. Mazoezi yako manne ya wiki, saa moja kila moja, umeyaandika mia tisa na sitini. Kwa saba yako ya kweli ni elfu moja mia sita na themanini. Ndizi, dakika tisini mara tatu, na mzigo ule siupi chini ya nane: elfu mbili mia moja na sitini. Jumla ni mara nne ya anachokiona mwalimu. Miguu haijui kama umevaa jezi au umefunga mikungu, baba.

Namba usiitafute kwenye daftari la mwenzio. Ukikutana na mzee mlimani ukampa shikamoo, ukamuuliza habari za nyumbani na za shamba, hiyo ni tatu. Ukiishia kwenye shikamoo, saba. Ukipunga mkono tu, tisa, na ukirudi ukamwombe radhi.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi mpelekee Juvenali daftari lililosahihishwa, ndizi zikiwemo. Pumzika siku mbili kamili. Mikungu ipande bodaboda mpaka mashindano yapite, na Diane mwambie ukweli, anastahili zaidi ya kukufinya.

Inawezekana nafasi akapewa Malongo, sikufichi. Lakini kwa sasa Juvenali anamfundisha mtu ambaye hayupo, na siku ya mashindano atakayepanda baiskeli ni wewe.