Bunduki ya Anselmo

Villa Regina, Februari

Dada Nelida,

Sisi wazima, ila peasi uani zimebaki chache, kasuku wanazimaliza. Mume wangu Anselmo amenunua bunduki ya upepo ya bei rahisi, na tangu hapo meza yangu ya jikoni imekuwa karakana. Ameifungua, amelainisha silinda kwa msasa, amepaka springi grisi. Akaweka kopo ukutani, akalilenga, akalikosa. Akaifungua tena, akalikosa tena.

Jana jirani yetu Hortensia alimkuta hapo.

"Shemeji, unalitisha tu au unataka kulipiga? Hebu nipe mimi."

Alipiga mara tatu, na mara zote kopo likaanguka.

"Mbona bunduki yako nzuri!"

Anselmo alichukua bisibisi, akaanza kuifungua upya.

Dada, bunduki haina kosa. Ni macho yake. Siku hizi hata chai anaimimina nje ya kikombe. Na Jumatatu anachukua lori la mumeo kupeleka matunda Buenos Aires. Mwambie Rufino asimpe. Atafute sababu yoyote, ila jina langu asilitaje.

Mdogo wako asiyepata usingizi,
Griselda