Insha Iliyopata Nafasi ya Kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo, na mgongo wako haujambo? Sisi tu wazima, ila shemeji yako alilazwa kitandani na homa wiki nzima. Sasa anakula na kunigombeza, kwa hiyo amepona.

Homa hiyo, nawe mgongo ukiwa unakuuma, ndiyo iliyonipeleka mimi shuleni kwa binti yetu siku ya maonyesho. Unanijua. Simu ikilia kwamba maji yanafurika sebuleni kwa mtu, fundi bomba anabeba spana zake na mengine yote yanasubiri. Binti yetu alipoigiza mti, ulikwenda wewe. Alipopata zawadi ya kuchora, ulikwenda wewe tena, nami nilikuwa chini ya sinki la watu, nikijiambia kwamba ni kwa faida yake.

Kumbe nilikuwa napitwa na mengi! Ukumbi mzima ulijaa picha. Kulikuwa na kuku aliyechorwa kwa rangi za maji, utadhani atakudonoa, na sura ya bibi kizee iliyoundwa kwa vipande vya vikombe vilivyovunjika. Mchezo wa kuigiza ulinivunja mbavu, maana jambazi alisahau maneno yake, ikabidi polisi amnong'oneze. Binti yetu ndiye aliyechora mandhari yote ya jukwaani. Bomba la jikoni alilichora sawasawa, hata nati hakuisahau. Nikamwambia mzee niliyekaa naye kwamba huyo ni wangu.

Baadaye nikaenda kwenye ukuta wa insha. Ya kwanza ilikuwa yake, imewekewa utepe mwekundu. Mdogo wangu, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Insha ile inahusu kifo cha baba yake, fundi bomba. Na ameniua vizuri, kwa uandishi simlaumu: nimeteleza kwenye ngazi za nyumba ya watu, mkoba wa spana begani, nikiwa mbioni kwenda kumwona akiigiza. Ameandika kwamba kiti changu kilibaki wazi, na tangu hapo anayekuja ni baba mdogo.

Nilikuwa bado naisoma pale mwalimu wao wa Kiswahili, mgeni wa muhula huu, aliposimama kando yangu. Alinipa pole kwa sauti ya chini, akauliza mimi ni nani wake mtoto. Niliona aibu kuwa hai. Nikamjibu kwamba mimi ni baba mdogo. Unisamehe, nilikalia nafasi yako.

Mara binti yetu akatokea, na mwalimu akamwambia kwamba baba yake mdogo amefika. Alinitazama, akaitazama insha. Kisha akaniamkia: shikamoo, baba mdogo. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini, ndugu yangu? Nilitamani kulia palepale.

Alinishika mkono akanizungusha ukumbi mzima, picha moja baada ya nyingine, akinieleza nani kachora nini na nani kalia alipokosa zawadi. Simu yangu ikalia, nikaizima. Hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu namna ile, na ilibidi kwanza nife. Hilo linaniuma kuliko insha yenyewe. Wala hakuandika kwa chuki. Kiti kilikuwa wazi kweli.

Tulipofika langoni tukiwa wawili tu, aliniuliza kama Ijumaa kuna mtu atakayekuja kumsikiliza akiisoma insha ile jukwaani. Nikamwuliza angependa aje nani, baba au baba mdogo. Akasema yeyote atakayekuja.

Kwa hiyo nakuomba, Ijumaa hii usiende, niachie mimi. Mwalimu akiniita baba mdogo, nitaitika.

Nibusie mapacha wako, na mama yao mwambie namsalimu sana. Shemeji yako anakusalimu pia. Haya yote sijamwambia bado.

Ni mimi kaka yako,
Fundi