Daktari Anayejua Mke Wangu Anaumwa Wapi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kulala. Wasalimie shemeji na watoto kabla hujaendelea kusoma, maana huku chini barua inaharibika.

Uliuliza habari za shemeji yako. Ile saratani ya damu ilirudi. Hospitalini walijaribu dawa mbili, kila moja peke yake, zote zikagonga mwamba. Ndipo daktari wa utafiti akatueleza kwamba wanajaribu kuzitumia kwa pamoja, moja ilegeze seli mbaya, ya pili izimalize. Hakuahidi kitu. Mke wangu akakubali papo hapo.

Kaka, tangu siku hiyo nyumba yangu ina wanaume wawili. Akiamka tu, simu kwa daktari. Katapika, katoka vipele, mdomo umechubuka: daktari anajua. Mimi niliyelala ubavuni mwake naambiwa "sijambo". Kliniki wanacheka wakiwa wameinamia majibu ya damu, nami nimesimama nimeshika mkoba kama mlinzi. Yule bwana ni kijana, shati limenyooka, mikono haina grisi. Natengeneza friji za watu huku roho yangu inachemka.

Sasa nikwambie nililofanya. Wiki iliyopita nilimwambia mke wangu ajitoe kwenye huo utafiti. Nikasingizia kwamba dawa zinammaliza nguvu. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Unaogopa dawa, au unamwogopa daktari?"

Nilichukua kile kikombe nikaenda kukisuuza.

Akasema taratibu, "Yeye namwambia ninapoumwa kwa sababu akisikia anaandika. Wewe ukisikia unalia, halafu naanza kukubembeleza wewe. Nguvu hizo sina, baba."

Juzi majibu ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, yalitoka. Seli mbaya hazijaisha, ila zimepungua mno, na dawa zinaendelea. Nilimkumbatia mke wangu, nikampa daktari mkono. Nilifurahi, kaka, siwezi kukataa. Lakini hata pale wivu ulinibana, kwa kuwa daktari alijua kabla yangu.

Leo asubuhi, kabla hajashika simu, ameniambia mifupa ya miguu inamwuma. Machozi yalifika kooni, nikayameza. Nikamwuliza ni mguu upi umezidi.

Anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia haya, na ukipiga simu, usimwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Friji