Alama ya Chaki Kwenye Kwato

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto. Sisi hatujambo, ila ni uzima wa kuungaunga: mdogo anaota meno, ananyonya huku naandika, basi usinicheke mwandiko.

Hujawahi kuniuliza mle maabarani nafanya nini hasa. Napima damu ya ng'ombe waliokufa kwa ndorobo, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Watu hudhani mnyama akifa, na vijidudu vyake vimekufa. Wapi! Mzoga umeshapoa, nzi wameshafika, lakini tone lake ukilitia kwenye hadubini unaviona vinajinyonganyonga kama samaki kapuni. Na hivi vya kwetu humwingia hata binadamu, akiwa na kidonda. Kwa hiyo kila saa nachukua tone. Vikitulia vyote, naweka alama ya chaki kwenye kwato, ndipo wachuna ngozi washike visu.

Shemeji, huyo mumeo, mchuna ngozi wetu hodari, glavu hataki. Anasema zinateleza. Vidole vyake havikosi mikato. Jumatatu ile, siku moja baada ya wewe kuja kwangu jicho limevimba ukaniambia umejigonga mlangoni, alinikuta kazini akaanza utani: eti harakisha chaki yako shemeji, au unangoja ng'ombe aamke akuage? Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akainama, akaniuliza polepole kama ule mlango wa kwake umeshanisimulia ulivyokugonga.

Sasa unaniandikia kwamba ana homa wiki ya tatu, shingo imevimba tezi, vidonge vya malaria havifui dafu, anasinzia na tonge mdomoni. Umeandika pia kwamba watoto wameanza kucheka humo ndani.

Dada, si malaria. Ni malale. Siku ile nilichungulia hadubini, vijidudu vilikuwa tele, vinacheza. Nikainuka, nikaweka chaki. Kidole chake kilikuwa kinavuja damu, nilikiona. Nikaenda kunawa mikono.

Dawa ipo, hospitali kubwa. Waambie wapime damu kwa hadubini kabla ugonjwa haujakolea kichwani. Ukikolea, ndiyo basi tena. Mimi nilishaamua mara moja. Hii ya pili ni yako, na lolote utakalofanya sitakulaumu. Barua ukiisha kuisoma, itie motoni.

Nibusie watoto, mmoja mmoja. Shemeji nisalimie, akiamka.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Mtundu