Alama Chini ya Pikipiki Niliyoiuza

Sanduku la Posta 218,
Decorah, Iowa.
14 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Dwaine,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini kifua chako kimetulia tangu uhamie kwenye joto la Arizona, na kwamba shemeji Renae hajambo. Sisi tu wazima. Nyonga ya bandia niliyowekewa Januari inafanya kazi. Daktari anasema nimepona asilimia tisini. Mimi nasema themanini na mbili.

Theluji imekwisha. Mke wangu Delores amekata rubabu ya kwanza bustanini, ile mboga chachu ya pai, na nimeshakula pai tatu.

Pikipiki ile kubwa nimeiuza. Ina uzito wa ratili 670, na ikinilemea nikiwa nimesimama kwenye taa za barabarani, nyonga hii haitaizuia. Nilibandika tangazo kwenye duka la mbegu: imemilikiwa na mtu mmoja, maili 18,400, haijawahi kuanguka, dola 6,200. Unajua hapa mjini ninaishi kwa neno langu. Nilianza na spana mbili na gari la kuazima; leo natunza tanuri za kupasha joto katika nyumba 212, na nikisema tanuri ni nzima, watu wanalala.

Akaja mama mmoja mjane, Marlys Teig, aliyeuza vipuri vya pikipiki miaka thelathini. Nilimweleza utaratibu wetu wauzaji wa pikipiki: fedha zote mkononi mwangu kabla hajaijaribu, na akiiangusha, ameinunua. Akacheka, akanikabidhi fedha, akaondoka na pikipiki. Akarudi salama. Kisha akapiga magoti akapapasa chini ya chuma kinachokinga injini.

"Baba, hii imelala chini."

"Haijawahi."

"Basi imesinzia. Hebu leta tochi."

Sikuleta. Niliona ananitafutia punguzo, nikamwambia hivyo. Akachukua fedha zake akaenda zake, na kwenye kahawa ya Jumapili kanisani akawaeleza watu alichokiona. Simlaumu, alisema kweli. Hadi Alhamisi, nyumba tatu zilikuwa zimemwita fundi mwingine. Sasa ni 209.

Ndipo nikalala sakafuni na tochi, nyonga na yote. Chuma kimekwaruzika urefu wa kidole, na juu yake pamepakwa rangi nyeusi kwa brashi. Unywele wa brashi bado umenasa. Ni rangi yangu ya mabomba ya tanuri, kutoka kopo langu mwenyewe.

Miaka kumi na moja, Dwaine, watu walioipanda pikipiki ile kabla ya Bi Marlys ni wawili. Wewe uliichukua Jumamosi moja tu, siku ya pili baada ya kumzika mama. Uliirudisha jioni inang'aa, mikono ya shati lako imelowa, ukasema umeiosha. Nilikushukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkwaruzo: nilikushukuru mbele ya watu.

Nilimpigia simu Bi Marlys, nikamwambia alikuwa sahihi, na kwamba ni ndugu yangu. Alikuja tena.

"Kwa sheria yako, aliyeiangusha ndiye aliyeinunua," akasema. "Sasa nikulipe wewe au yeye?"

"Nilipe mimi. Yeye angekupaka rangi kwanza."

Tuliafikiana dola 5,300. Alipokuwa anavaa kofia akaniambia, "Kila muuzaji ana ndugu wa namna hiyo, baba. Wangu mimi nilimtunga kichwani."

Tofauti ni dola 900. Sizidai, chuma kipya hakifiki hata nusu yake. Ninachotaka ni umpigie simu Bi Marlys, umwambie kwa kinywa chako kwamba uliiangusha wewe na mimi sikujua. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Hupatikana nyumbani baada ya saa kumi na moja jioni, na kahawa ya kanisani ni Jumapili; mpigie kabla, apate kuwaeleza watu. Nimemwahidi kwamba utapiga. Akanijibu kwamba kwenye tangazo pia niliahidi.

Nisalimie Renae na binti yenu Kirsten. Delores anawatumia jamu, chupa mbili, zimeshapelekwa posta. Mungu awape afya na mvua kidogo.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na ninayengoja,
Verlyn