Antena ya Chati Yangu

Jumatano, 12 Machi

Ouko, mdogo wangu, amenicheka tena. Chati ya umri wa wapangaji wa ploti yetu hapa mjini, mtaa wa Gatwekera, niliyoichora iambatane na fomu ya kuhesabu watu, ina watoto tele chini, sisi vijana katikati, na juu kabisa mstari mmoja mwembamba. Ni Mama, miaka sabini na moja.

"Brathe, chati yako iko na antena," akasema. "Itoe, ipelekwe ushago, kijijini kwetu."

Mama alikuwa pale pale, anachambua sukuma wiki.

"Na huko Japani ulikotuambia wazee ni wengi," akaniuliza, "wao huwapeleka wapi?"

"Wanazeekea mjini tu, Mama. Watoto ndio wachache."

"Kumbe kosa langu lilikuwa kuwazaa nyinyi."

Ouko akacheka. Mimi sikumtetea Mama. Chumba ni kimoja na tuko sita. Kijijini hakuna mtu anayemngoja, ila kaburi la baba.

Basi la Mama la kwenda huko ni kesho asubuhi. Fomu inachukuliwa Ijumaa, na inataka waliopo siku hiyo tu.

Nimeshaufuta mstari wake. Nilikuwa nimeuchora kwa penseli.