Skrubu ya Kabureta, Njia ya Mgeta

Jumapili, Mafiga

Kwa nini hapa mjini gari la marehemu baba linanguruma vizuri, lakini tukipanda Mgeta linakohoa moshi mweusi? Kaka amechoka, anasema tuliuze. Mimi sitaki hata kusikia.

Leo nimesimama katikati ya mlima, nikapunguza mafuta kwenye kabureta, robo mzunguko tu wa skrubu. Likatulia! Kumbe huko juu hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi.

Mama, aliyekaa kiti cha mbele, akatabasamu. "Baba yako naye alikuwa akisimama hapa hapa. Alijua napenda kutazama bonde."

"Alikuwa anafungua boneti?"

"Kila safari. Eti injini ipumue."

Nikafunga boneti. Lakini skrubu angeweza kuigeuza popote mlimani. Mbona alichagua penye bonde?